Jina Halimo, Mtu Yumo: Muundo wa Data na Faragha ya Mkazi wa Jiji

Watu wengi hudhani kwamba siri ya mtu hulindwa kwa kufuli. Daftari likifungiwa kabatini, na kompyuta ikiwekewa neno la siri, basi kazi imekwisha. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu ya ukweli. Kabla daftari halijafungiwa kabatini, yupo mtu aliyelichora mistari na kuamua liwe na safu ngapi na kila safu iandikwe nini. Hali kadhalika, kabla kompyuta haijawekewa neno la siri, yupo mwandishi wa programu aliyeamua ni taarifa zipi zipokelewe, ziandikwe kwa usahihi wa kiasi gani, na zitumwe wapi. Maamuzi hayo ya mwanzo, ambayo aghalabu huonekana kuwa madogo, ndiyo yanayopima ni sehemu gani ya maisha ya mtu itakayojulikana kwa wengine.

Jiji la Dar es Salaam lina mifano mizuri ya jambo hili. Mifano hiyo inahusu ramani, tarehe za kuzaliwa, vivinjari vya intaneti na hata sarufi ya Kiswahili, na hesabu zake zaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa sekondari.

Nyumba imo, mwenye nyumba hamo

Mwezi Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ziliinyeshea Dar es Salaam. Bonde la Mto Msimbazi lilifurika, makumi ya watu walipoteza maisha, na maelfu walibaki bila makazi. Baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Maafa hayo yalidhihirisha upungufu mmoja wa siku nyingi: sehemu kubwa ya makazi yaliyojengwa bila kupimwa, yawe ya kandokando ya Mto Ng'ombe huko Kinondoni au ya kandokando ya Mto Kizinga huko Temeke, hayakuwamo katika ramani yoyote iliyoweza kumsaidia mwokoaji kujua uchochoro upi unapitika na mfereji upi umeziba.

Katika mwaka huohuo wa 2011, wakazi wa Tandale walikuwa wameshirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi kuchora ramani ya kata yao. Mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilipanuliwa kwa mradi ulioitwa Ramani Huria. Miongoni mwa washiriki walikuwamo Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Benki ya Dunia na Chama cha Msalaba Mwekundu. Vijana walipita mtaa kwa mtaa wakiwa na karatasi na simu, wakaandika palipo na nyumba, kisima, daraja, mfereji na njia ya miguu. Ndege ndogo zisizo na rubani zilitumika kupiga picha kutoka angani. Matokeo yaliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa nchini Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuisahihisha na kuitumia.

Muundo wa data wa ramani hiyo ni rahisi mno. Una vitu vya aina tatu tu. Cha kwanza ni nukta, ambayo ina namba mbili: latitudo na longitudo. Cha pili ni mstari, yaani orodha ya nukta zilizopangwa kwa mfuatano. Mstari ukirudi pale ulipoanzia huweza kuwa umbo la nyumba au kiwanja. Cha tatu ni uhusiano, unaokusanya nukta na mistari kuwa kitu kimoja, mathalani njia nzima ya daladala. Kila kimoja kati ya hivyo chaweza kubandikwa lebo: hili ni jengo, hiki ni kisima, huu ni mfereji, na jina lake kwa Kiswahili ni hili.

Jambo la kuzingatiwa ni lile lisilokuwamo. Katika muundo huo hakuna aina ya nne iitwayo mtu. Tena ni desturi ya wachoraji kutoandika majina ya wakazi wa nyumba za kawaida. Nyumba imo katika ramani, mwenye nyumba hamo. Kutokuwamo kwake ni uamuzi wa makusudi, na uamuzi huo unamlinda mkazi wa Tandale au wa Mbagala kuliko kufuli lolote, kwa sababu taarifa isiyoandikwa haiwezi kuibwa.

Hata hivyo, muundo huo ulikuwa na tundu upande mwingine. Kila badiliko katika ramani huandikwa pamoja na jina analotumia mchoraji, na saa aliyofanya kazi. Hivyo ramani iliyomwacha mkazi ilikuwa inamwonyesha mchoraji: siku gani alikuwa macho usiku, na mitaa gani aliijua vizuri kuliko mingine. Mwaka 2018, sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kutumika, kampuni ya Kijerumani iitwayo Geofabrik, inayotayarisha faili za ramani hiyo kwa kila nchi, iliondoa majina ya wachoraji katika faili zake za hadhara. Ramani haikupungukiwa na barabara hata moja.

Thamani ya tarakimu moja

Kuacha safu nzima ni njia moja ya kulinda faragha. Njia nyingine ni kupunguza usahihi wa kile kinachoandikwa. Hapa somo la jiografia na somo la hisabati hukutana.

Nyuzi moja ya latitudo ina urefu wa takriban kilometa 111. Basi mtu akiandika latitudo kwa tarakimu moja tu baada ya desimali, anaonyesha mahali kwa hatua za kilometa 11. Akiandika tarakimu mbili, hatua ni kilometa 1.1. Tarakimu tatu ni meta 111. Tarakimu nne ni meta 11. Na tarakimu tano ni meta 1.1. OpenStreetMap huhifadhi tarakimu saba, ambazo ni sawa na sentimeta moja hivi. Karibu na Ikweta, mahali ilipo Dar es Salaam, longitudo nayo hufuata vipimo vinavyokaribiana na hivyo.

Kwa kuchora mfereji, usahihi mkubwa ni neema. Kwa kuandika habari za mgonjwa, usahihi huohuo waweza kuwa dhara. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, kisha kikaenea katika mikoa mingi na Zanzibar. Katika ugonjwa kama huo, maofisa wa afya hawana budi kujua wagonjwa wanatoka wapi. Somo hilo lilifundishwa London mwaka 1854, daktari John Snow alipochora vifo vya kipindupindu katika ramani na kuonyesha kwamba vilizunguka pampu moja ya maji. Bila kujua mahali, chanzo cha maradhi hakipatikani.

Lakini chukulia kwamba orodha ya wagonjwa imeandikwa bila majina, pamoja na mahali kwa tarakimu tano baada ya desimali. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuchukua namba hizo, akazifuata hadi akasimama mbele ya mlango. Jirani atajua ni nyumba ya nani. Mama anayeuza vitumbua mlangoni hapo atapoteza wateja, na familia itanyanyapaliwa, ijapokuwa hakuna jina lililoandikwa popote. Chukulia sasa kwamba nakala ya orodha hiyo inayotolewa hadharani ina tarakimu mbili tu. Kila namba inaonyesha eneo la takriban kilometa za mraba 1.2, ambalo katika mitaa yenye msongamano lina maelfu ya watu. Ofisa wa afya hubaki na nakala kamili kwa kazi yake. Umma hupata picha ya mwenendo wa maradhi. Na mgonjwa hubaki katika umati.

Siku, mwezi na mwaka

Hesabu ya namna hiyo yafaa kufanywa pia kwa tarehe ya kuzaliwa, ambayo huulizwa karibu katika kila fomu. Chukulia kata yenye watu 40,000, na kwamba umri wao umetawanyika katika miaka 60. Miaka 60 ina siku 21,900, bila kuhesabu siku za miaka mirefu. Ukitenganisha wanaume na wanawake, unapata makundi 43,800. Makundi ni mengi kuliko watu! Maana yake ni kwamba mtu akitajwa kwa kata, jinsia na tarehe kamili ya kuzaliwa, huenda asipatikane mwingine anayefanana naye.

Fomu hiyohiyo ikiuliza mwaka tu, na kuacha siku na mwezi, makundi yanabaki 120, na kila kundi lina wastani wa watu 333. Ni kweli kwamba hesabu hii ni ya wastani tu, kwani vijana ni wengi kuliko wazee, na mzee wa miaka 59 atakuwa na wenzake wachache. Lakini kanuni haibadiliki: safu mbili zilizofutwa humtoa mtu katika upweke na kumweka katika kundi la mamia.

Nchini Marekani jambo hili lilithibitishwa na mtaalamu Latanya Sweeney. Mwaka 2000 alionyesha kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambuliwa mmoja mmoja kwa mambo matatu tu: namba ya eneo la posta, jinsia na tarehe kamili ya kuzaliwa. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza mienendo ya simu za mkononi za watu milioni 1.5 na kugundua kwamba kumtambua mtu mmoja katika asilimia 95 kulihitaji kujua mahali na saa mara nne tu. Pia waligundua kwamba kupunguza usahihi wa mahali na wa saa husaidia polepole sana. Kwa hiyo kufuta tarakimu si dawa ya kila ugonjwa. Mkazi wa Temeke aendaye kazini Kariakoo asubuhi na kurudi jioni ana njia yake, na njia hiyo humtambulisha kama mwandiko wake.

Alama ya kidole isiyoombwa

Tangu mwaka 2019 wananchi wa Tanzania wamekuwa wakisajili laini za simu kwa alama za vidole. Mtu anayesajiliwa hivyo anajua kinachotendeka, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayeweka kidole chake katika kifaa. Ipo alama nyingine ambayo mtumiaji wa intaneti huitoa pasipo kuombwa wala kujua. Kivinjari, yaani ile programu inayotumika kusoma tovuti, kinapoomba ukurasa, chenyewe au kwa kuulizwa na programu iliyomo katika ukurasa, hueleza kuwa ni cha aina gani na toleo gani, kinaendeshwa katika kompyuta au simu ya namna gani, kioo kina upana gani, saa za eneo ni zipi, kuna fonti zipi, na msomaji anapendelea lugha gani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni siri. Vikikusanywa pamoja, huwa kama alama ya kidole.

Ili kupima jambo hili, wataalamu hutumia kipimo kiitwacho biti. Biti moja ni jibu la swali moja la ndiyo au siyo ambalo hugawa umati katika nusu mbili. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Kati yao Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Mtu akiuliza swali moja zuri, mkoa mzima unapungua kuwa watu 2,691,864. Swali la pili linabakiza watu 1,345,932. Kwa kuendelea hivyo, maswali 23 yanatosha kumfikia mtu mmoja, kwa sababu 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 23 ni 8,388,608, namba inayozidi idadi ya watu wote wa mkoa. Kwa Kinondoni peke yake yanatosha maswali 20, na kwa dunia nzima maswali 33.

Mwaka 2010 mtafiti Peter Eckersley alichunguza vivinjari 470,161 na kukuta kwamba alama zake zilikuwa na angalau biti 18.1 za utambulisho. Asilimia 83.6 ya vivinjari hivyo havikuwa na kifani katika kundi zima. Uchunguzi uliofanywa nchini Ufaransa na kutangazwa mwaka 2018, wenye alama zaidi ya milioni mbili, ulipata kiwango kidogo zaidi: asilimia 33.6 kwa jumla, na asilimia 18.5 kwa simu za mkononi. Sababu mojawapo ya simu kuwa na kiwango kidogo ni kwamba simu za aina moja hutoka kiwandani zikifanana, na mwenye simu hana nafasi kubwa ya kuzibadilisha. Hivyo kufanana na wengine ni kinga.

Yafaa kutofautisha alama hii na kidakuzi, kile kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti hukiweka katika kivinjari ili imkumbuke msomaji akirudi. Kidakuzi kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape. Chaweza kuonekana, na chaweza kufutwa. Alama ya kivinjari haiwekwi popote kwa mtumiaji, na kwa hiyo hana cha kufuta.

Gharama ya kuchagua Kiswahili

Miongoni mwa mambo yanayotajwa na kivinjari, lugha inastahili kuzingatiwa na wasemaji wa Kiswahili. Katika mitambo ya kompyuta Kiswahili huandikwa kwa herufi mbili, sw, na Kiswahili cha Tanzania huandikwa sw-TZ. Chukulia tovuti ambayo nusu ya wasomaji wake wote duniani wamechagua Kiingereza, na msomaji mmoja tu katika kila 1,024 amechagua Kiswahili. Aliyechagua Kiingereza ametoa biti moja ya utambulisho wake. Aliyechagua Kiswahili ametoa biti 10, kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 10 ni 1,024. Kati ya biti 33 zinazohitajika kumtambua mtu mmoja duniani, kumi zimekwisha patikana kwa neno moja tu: lugha yake.

Hapa pana mvutano wa kweli. Wataalamu wa Kiswahili wamefanya juhudi kubwa ili lugha hii iwe na nafasi katika kompyuta. Mwaka 2004, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye maelekezo kwa Kiswahili. Juhudi hizo zilikuwa za haki. Lakini muundo uliopo humtoza ada ya faragha yule anayeitumia lugha yake. Tor, kivinjari kilichotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuficha utambulisho, humwuliza mtumiaji wa lugha nyingine kama angependa kuomba kurasa kwa Kiingereza ili afanane na wengi. Kwa upande wa hesabu shauri hilo ni sahihi. Kwa upande wa heshima ya lugha ni shauri chungu.

Mvutano huo hautatuliwi kwa kumlaumu msomaji. Hutatuliwa kwa kubadili muundo. Badala ya kivinjari kutangaza lugha ya msomaji kwa kila tovuti, tovuti ingeweza kutaja lugha ilizonazo, na kivinjari kikachagua. Tovuti isiyo na ukurasa wa Kiswahili isingejua kamwe kwamba msomaji alipendelea Kiswahili. Mazungumzo ni yaleyale, ila anayeanza kusema ni mwingine. Msomaji wa ukurasa wa Kiswahili bado angejulikana kwa ukurasa alioufungua, lakini angejulikana pale tu alipopata faida ya kujulikana.

Ngeli ya siri

Hadi hapa imeelezwa jinsi muundo wa data unavyoweza kumwonyesha mtu au kumhifadhi. Limebaki suala la lugha ambazo programu huandikwa kwazo. Je, lugha yenyewe inaweza kumzuia mwandishi wa programu asitoe siri kwa bahati mbaya?

Kiswahili chenyewe kinaonyesha njia. Mtu akisema, "Vitabu vyangu viwili vipya vimepotea," kiambishi cha ngeli ya vitabu kinaenea katika sentensi nzima, kutoka kwenye nomino hadi kwenye kitenzi. Mtu akisema, "Vitabu wangu wawili wapya wamepotea," mtoto yeyote wa Temeke atacheka. Hahitaji kujua vitabu hivyo ni vipi, wala kama kweli vimepotea. Kosa linasikika katika umbo la sentensi kabla maana haijachunguzwa.

Wanasayansi wa kompyuta wamejaribu kuipa siri ngeli yake. Mwaka 1976 Dorothy Denning wa Marekani alieleza kwa njia ya hisabati jinsi habari zinavyoweza kupangwa katika daraja za usiri, na sharti kwamba habari zisitiririke kutoka daraja la juu kwenda la chini. Mwaka 1999 Andrew Myers alieleza lugha iitwayo JFlow, iliyojengwa juu ya lugha ya Java. Katika lugha hiyo kila taarifa huweza kubandikwa lebo inayosema ni ya nani na nani anaruhusiwa kuisoma. Lebo hiyo huenea kama kiambishi cha ngeli: jumla, wastani au ujumbe wowote unaotokana na taarifa ya siri nao huwa wa siri. Mwandishi akijaribu kuituma taarifa hiyo mahali pa hadhara, kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi yake yaeleweke na mashine, humkatalia. Programu yenye kosa haifiki hata kuanza kazi.

Ubora wa njia hii huonekana katika makosa yaliyojificha. Chukulia programu ya zahanati inayowatumia wagonjwa ujumbe wa simu: "Usisahau kufika kliniki Jumanne." Ujumbe hautaji ugonjwa. Lakini ikiwa Jumanne ni siku ya kliniki ya kifua kikuu, na mtaa mzima unajua hivyo, basi ujumbe umekwisha kusema yote kwa yeyote aliyeishika simu ile. Mwandishi wa programu anaweza kuapa kwamba hakuandika jina la maradhi popote, naye atakuwa amesema kweli. Lugha yenye ngeli ya siri ingetambua kwamba programu huamua nani apelekewe ujumbe kwa kuutazama ugonjwa wake, na kwa hiyo ujumbe wenyewe ni mtoto wa siri. Ingemtaka mwandishi aandike waziwazi, mahali panapoonekana, kwamba ameamua kuitoa habari hiyo. Pengine ana sababu nzuri. Lakini atakuwa ameamua, na wenzake wataweza kumhoji.

Lugha za namna hiyo zimebaki zaidi katika maabara za vyuo vikuu. Zinamtaka mwandishi awe na subira, na kuziunganisha na programu zilizokwisha andikwa si kazi nyepesi. Hata hivyo fundisho lake laweza kutumika katika lugha yoyote: taarifa za siri zitengwe na nyingine tangu mwanzo, ziitwe kwa namna yake, na mlango wa kuzitoa uwe mmoja tu unaojulikana.

Sheria na mchoraji wa fomu

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 16, inatambua haki ya mtu kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ikaunda Tume ya kuisimamia. Mojawapo ya misingi yake ni kwamba taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa kusudi lililotajwa.

Msingi huo hauwezi kutekelezwa na mahakama peke yake. Hakimu huja baada ya dhara. Anayeutekeleza kwanza ni yule mtu anayekaa mezani na kuchora fomu, awe mwandishi wa programu, karani wa serikali ya mtaa, au mwalimu anayetayarisha orodha ya wanafunzi wake.

Jaribio la darasani

Upo ubunifu mmoja unaoonyesha kwamba inawezekana kujua habari za kundi bila kujua habari za mtu mmojammoja. Ulibuniwa na Stanley Warner mwaka 1965, na katika mwaka 2014 kampuni ya Google ilieleza jinsi ilivyotumia wazo hilo kukusanya takwimu kutoka katika kivinjari chake cha Chrome. Namna ifuatayo ya jaribio hilo yahitaji sarafu tu.

Mwalimu aulize darasa: "Je, umewahi kumpa mtu mwingine neno lako la siri?" Kila mwanafunzi arushe sarafu yake pasipo kuonwa. Ikiangukia upande wa kwanza, ajibu ukweli. Ikiangukia upande wa pili, airushe tena: upande wa kwanza ukitokea aandike "ndiyo", upande wa pili ukitokea aandike "hapana", bila kujali ukweli ni upi. Kwa njia hiyo hakuna awezaye kumnyooshea kidole aliyeandika "ndiyo", kwani huenda ni sarafu iliyosema.

Hata hivyo darasa zima halifichiki. Robo ya wanafunzi wote wanatarajiwa kuandika "ndiyo" kwa ajili ya sarafu, na nusu wanatarajiwa kusema kweli. Chukulia wanafunzi 80, ambao 32 wameandika "ndiyo". Toa 20 za sarafu, zinabaki 12. Hizo 12 zimetoka kwa nusu ya darasa. Basi kwa darasa zima ni 24, yaani asilimia 30. Mwalimu amelijua tatizo la darasa lake, wala hakuna mwanafunzi aliyeumbuka. Izingatiwe kwamba kadiri darasa linavyokuwa dogo, ndivyo jibu linavyoweza kukosea zaidi.

Maswali ya mjadala

1. Tafuta katika ramani latitudo na longitudo ya shule yako. Zikiandikwa kwa tarakimu mbili baada ya desimali, ni shule na makazi gani mengine yanayoingia katika eneo hilo?

2. Wilaya ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 katika Sensa ya mwaka 2022. Onyesha kwamba biti 21 zinatosha kumtambua mmoja wao, na kwamba 20 hazitoshi.

3. Chukua fomu ya kujiunga na maktaba au chama chochote shuleni. Kwa kila safu, eleza kusudi lake. Ni safu zipi zingeweza kufutwa, au kupunguzwa usahihi, bila kazi ya fomu hiyo kuharibika?

4. Katika mfano wa ujumbe wa zahanati, pendekeza namna ya kuwakumbusha wagonjwa ambayo haitafichua maradhi yao kwa mtu mwingine aliyeishika simu.